Mafunzo ya Uongozi na Kazi Yenyewe: Majibu kwa Wasomaji

Barua zilizochaguliwa kwa toleo hili zimetoka pembe mbalimbali za Mombasa, kuanzia maghala ya Shimanzi hadi hoteli za Bamburi, na zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: kwa nini mtu hufundishwa uongozi akauelewa, kisha akarudi kazini akaongoza vile vile alivyokuwa akiongoza? Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake mna mizizi ya hizo nyingine.

Tuwarudishe semina?

*Ndugu mshauri, assalamu alaykum. Mimi ni afisa wa rasilimali watu katika kampuni ya kuhifadhi na kusafirisha mizigo. Miezi minne iliyopita tuliwapeleka wasimamizi 14 wa maghala kwenye semina ya uongozi ya siku tatu katika hoteli moja ya pwani ya kaskazini. Walirudi wamechangamka, kila mmoja na cheti chake, na wote waliandika kwamba mafunzo yalikuwa mazuri sana. Leo hali ni ile ile. Vibarua wanafokewa mbele ya wenzao, zamu zinapokezana bila kuelezana lolote, na malalamiko madogo yanaletwa ofisini kwangu badala ya kumalizwa pale pale. Mkurugenzi ananiuliza fedha zilikwenda wapi, naye anapendekeza tuwarudishe semina, ila kwa mwalimu mwingine. Turudie? – Afisa, Shimanzi*

Wa alaykum salaam. Msiwarudishe, walau si sasa. Kabla ya kulipia siku nyingine tatu za hoteli, waite wasimamizi watatu au wanne, mmoja baada ya mwingine, umuulize kila mmoja wao jinsi kibarua aliyekosea anavyopaswa kuelekezwa. Nadhani utasikia majibu mazuri: asiaibishwe mbele ya watu, aulizwe kwanza kilichotokea, aelezwe kosa na athari yake, kisha wakubaliane la kufanya. Ikiwa wanaweza kuyasema hayo, basi elimu wanayo, na mwalimu mwingine, awe hodari namna gani, atawapa kitu ambacho tayari wanacho. Kinachokosekana kitafutwe ghalani.

Jambo hili si geni. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mtafiti wa Marekani aitwaye Edwin Fleishman aliwachunguza wasimamizi wa viwanda wa International Harvester, kampuni iliyokuwa ikitengeneza matrekta na mashine za kilimo, ambao walipelekwa kwenye shule ya kampuni mjini Chicago kwa wiki mbili ili wafundishwe kuhusiana vyema na walio chini yao. Walipopimwa mwishoni mwa mafunzo, mitazamo yao ilikuwa imebadilika kama ilivyotarajiwa. Walipokwisha kurudi viwandani, hata hivyo, mabadiliko hayo hayakuonekana kama ilivyotumainiwa, na katika makala aliyoichapisha mwaka 1953 Fleishman alieleza kwamba mwenendo wa msimamizi ulifuata zaidi mwenendo wa mkubwa wake kuliko mafunzo aliyoyapata. Aliyekuwa chini ya bosi mwenye kuwajali watu, naye alielekea kuwajali. Aliyekuwa chini ya bosi ambaye haangalii kingine ila kazi kwisha, alielekea kuwa kama bosi wake. Maji hufuata mkondo, na mkondo wa ghala lenu huchimbwa na meneja wa ghala kila asubuhi.

Kwa hiyo nakuuliza: mameneja wa maghala, wale ambao wasimamizi hao 14 wanaripoti kwao, walikuwa wapi wakati wa semina? Je, wanajua kilichofundishwa? Tangu semina iishe, yupo hata mmoja aliyemwita msimamizi wake akamuuliza amejifunza nini na anakusudia kulitumia vipi? Katika kampuni nyingi za mji huu jibu huwa ni hapana, wala si kwa nia mbaya. Meneja hupokea barua inayomwarifu kwamba msimamizi wake hatakuwapo kwa siku tatu, huhangaika kutafuta wa kushika nafasi yake, na msimamizi anaporejea, swali la kwanza analopokelewa nalo ni kontena ngapi zimebaki. Kwa swali hilo moja msimamizi ameshaelezwa lililo muhimu, na mtu mwenye akili hushika lile ambalo mkubwa wake huliuliza.

Mwaka 1988 watafiti wawili, Timothy Baldwin na Kevin Ford, walipitia tafiti zilizokuwa zimefanywa kuhusu suala hili, wakapanga sababu zake katika mafungu matatu: mtu anayefundishwa, namna mafunzo yalivyoandaliwa, na mazingira ya kazi anayorudia. Kampuni zetu hulipia fungu la pili, hulaumu la kwanza, na la tatu haliguswi. Ningekushauri uanzie hapo pasipoguswa.

Anza na mameneja, kabla hujamwita msimamizi yeyote. Waombe nusu siku tu, tena ndani ya kampuni. Wape muhtasari wa yaliyofundishwa katika ukurasa mmoja, kisha uwaulize: kati ya haya yote, ni lipi moja ambalo likifanywa vizuri katika maghala yetu, litatuondolea matatizo yanayotugharimu? Nasisitiza liwe moja. Semina ya siku tatu humpa mtu mambo mengi, na anayerudi akijaribu yote kwa mpigo huishia kutofanya hata moja, kwa maana kila jipya linahitaji uangalifu, ilhali kazi ya ghala haimwachii mtu uangalifu mwingi wa ziada.

Mkiniuliza mimi, ningechagua makabidhiano ya zamu. Hutokea kila siku kwa saa zinazojulikana, kwa hiyo msimamizi hupata nafasi nyingi za kufanya mazoezi na meneja hupata nafasi nyingi za kuona. Tena hasara ya kutoyafanya iko wazi: foklifti yenye breki mbovu inayoendeshwa na mtu wa zamu mpya ambaye hakuambiwa, kontena ambayo siku zake za bure, yaani za kuhifadhiwa bila kutozwa ada, zinakwisha kesho na hakuna aliyejulishwa, sili iliyokutwa imevunjika ambayo sasa haijulikani ilivunjika mikononi mwa nani. Wakubaliane kwamba msimamizi anayetoka na anayeingia watasimama pamoja kwa dakika kumi, waelezane kilichobaki, kilichoharibika, aliyeumia au asiyekuja, na mteja anayesubiri. Kusikiliza, kueleza kwa ufasaha, kuuliza bila kushutumu, kukubali wajibu, haya yote ambayo semina iliyafundisha kama mada za uongozi yamo ndani ya dakika hizo kumi.

Kwa wiki za mwanzo meneja awepo, asimame kando asikilize bila kuyashika makabidhiano yeye mwenyewe, kisha amwite msimamizi faraghani amtajie jambo moja alilolifanya vizuri na jambo moja la kurekebisha. Kwa kufanya hivyo anamfundisha msimamizi, na papo hapo anamwonyesha kwa vitendo jinsi mtu anavyorekebishwa bila kuaibishwa. Yule anayewafokea vibarua mbele ya watu, yumkini mwenyewe hufokewa mbele ya watu. Makabidhiano yakishakuwa mazoea, ndipo muingie katika jambo la pili, ambalo bila shaka litakuwa hilo la kuwaelekeza waliokosea.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kampuni nyingi hulisahau, nalo ni kanuni zenu wenyewe. Chukua mfano wa kibarua anayeishi Likoni, akakwama kwa sababu ya msongamano wa feri, akafika akiwa amechelewa. Semina imemfundisha msimamizi amuulize kwanza, apime mazingira, aangalie kama ni tabia au ni tukio. Lakini ikiwa kanuni ya kampuni inamtaka aandike barua ya onyo siku hiyo hiyo kwa kila anayechelewa, na yeye mwenyewe ataulizwa asipoiandika, basi mmempeleka afundishwe jambo ambalo mmemkataza kulifanya. Ni hivyo hivyo kuhusu zile dakika kumi za makabidhiano. Kama zamu moja inakwisha saa moja kamili na nyingine inaanza saa moja kamili, dakika hizo si za mtu yeyote, na si haki kumtaka mfanyakazi azitoe bure. Ama mzilipie ama mpange saa upya. Pitia kanuni, fomu na ratiba zenu ukiwa na ule ukurasa mmoja wa semina mkononi, na kila mahali vinapogombana, mpelekee mkurugenzi aamue kinachobaki. Uamuzi huo ni wake, wala hauwezi kuachiwa nyapara.

Kuhusu fedha, mweleze mkurugenzi kwamba hazijapotea bado, ila zimelala. Kampuni yenu, kama waajiri wengine nchini, hulipa ushuru wa mafunzo wa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi kwa ajili ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, na waajiri wanaotimiza masharti huweza kuomba kurejeshewa sehemu ya gharama za mafunzo. Ulizieni hilo, kwa kuwa ni haki yenu. Lakini marejesho hayo ni ya ada tu. Haya niliyoyaeleza hapo juu yanagharimu muda wa mameneja, na huo hakuna mamlaka inayoweza kuwarejeshea.

Na mkija kupeleka wengine siku za usoni, jambo moja lifanyike kabla ya safari: kila msimamizi akae na meneja wake kwa robo saa, wakubaliane ni tatizo gani la kazini analokwenda kulitafutia ufumbuzi, na waandike tarehe watakayokutana tena ndani ya wiki ya kwanza baada ya kurudi. Mary Broad na John Newstrom, katika kazi yao ya mwaka 1992 kuhusu suala hili hili, walisisitiza kwamba anayoyafanya mkubwa wa kazi kabla ya mafunzo na baada yake yana uzito mkubwa katika kuamua kama mafunzo yatatumika. Mimi nakubaliana nao kabisa. Meneja asiyekuwa na robo saa ya kumwandaa mtu wake, ni heri amwache aendelee na kazi na nafasi hiyo apewe mwingine.

Bosi wangu hataki kusikia habari za semina

*Shikamoo mshauri. Mimi ni msimamizi wa wahudumu wa vyumba katika hoteli moja hapa Bamburi. Nilihudhuria mafunzo ya uongozi mwezi wa tano, wakati wageni ni wachache, nikarudi na hamu ya kubadilisha mambo. Nilipoanza kuitisha kikao kifupi kila asubuhi, mkubwa wangu alisema hayo ya semina niyaache huko huko, na wenzangu wakaanza kuniita mwalimu. Nimevunjika moyo. – Msimamizi, Bamburi*

Marahaba, binti yangu. Barua yako imenigusa, kwa sababu wewe ni yule ambaye kila kampuni inasema inamtafuta, na umerudi ukakuta hakuna aliyekuandalia mahali pa kusimama. Niliyomwandikia ndugu wa Shimanzi yanamhusu mkubwa wako, lakini wewe huna uwezo wa kumwamuru, basi tuangalie yaliyo mikononi mwako.

La kwanza, usimpelekee mkubwa wako semina. Mpelekee tatizo lake. Wewe unajua linalomkera kuliko ninavyojua mimi. Ikiwa ni vyumba kuchelewa kuwa tayari wakati wageni wamekaa mapokezi na mizigo yao, mwendee wakati ametulia, umwambie hivi: “Bosi, naomba ruhusa kwa wiki mbili niwaweke wahudumu pamoja kwa dakika tano kabla hawajapanda ghorofani, ili kila mmoja ajue vyumba vinavyotakiwa mapema na nani atamsaidia nani. Baada ya wiki mbili nitakuletea orodha ya saa ambazo vyumba vilikuwa tayari, na kama hakuna tofauti nitaacha.” Ombi la namna hiyo halimtaki akiri kwamba uongozi wake una kasoro, wala halimfungi kwa muda mrefu. Kikao chako cha mwanzo huenda kilikuwa kizuri, ila kilikuja kama mageuzi, na mageuzi yanayoanzishwa na aliye chini humtia hofu aliye juu.

La pili, mambo mengi ya uongozi hayahitaji ruhusa ya mtu. Namna unavyompokea mhudumu aliyekosea, namna unavyomshukuru aliyemsaidia mwenzake, namna unavyogawa vyumba vizito na vyepesi kwa haki, ni mambo yaliyo ndani ya zamu yako. Hapa ipo njia moja rahisi ambayo mwanasaikolojia wa Kijerumani Peter Gollwitzer aliieleza katika makala yake ya mwaka 1999, nayo ni kuifunga nia yako kwenye tukio maalumu. Nia ya jumla, kama vile “nitakuwa msikivu zaidi”, hupotea siku inapopamba moto. Nia iliyofungwa kwenye tukio hujikumbusha yenyewe: “Mhudumu akinijia na lalamiko wakati nina orodha ya vyumba mkononi, nitaiweka orodha chini, nitamsikiliza mpaka amalize, ndipo nitakapouliza.” Andika sentensi moja ya aina hiyo, uiweke mahali unapoiona kila asubuhi, na usiongeze ya pili mpaka hiyo iwe imekuwa tabia.

Kuhusu wenzako, usiwakasirikie. Waambie wazi kwamba kuna jambo moja unalijaribu, ulitaje, na uwaombe wakuambie wanapoona umelisahau. Mtu aliyeombwa msaada hupunguza dhihaka. Na kama yuko mwingine mliyehudhuria naye mafunzo, hata akiwa katika hoteli nyingine, kubalianeni mpigiane simu mara moja kwa wiki, mwelezane mmefanya nini. Hilo litakushikilia katika wiki ambazo mkubwa wako yuko kimya.

Umetaja pia jambo la maana, ingawa umelipitia haraka, kwamba mlifundishwa mwezi wa tano. Hoteli za pwani hupenda kufundisha msimu wa mvua, wageni wakiwa wachache, na kwa upande wa nafasi wana haki. Hatari ni kwamba mtu hujifunza wakati hana shinikizo, akadhani ameshika, kisha wageni wanarudi kwa wingi na mikono yake inarudia mazoea ya zamani. Kwa hiyo itumie miezi hii iliyotulia kufanya mazoezi kila siku, ili Desemba ikufikie ukiwa umekwisha kuzoea. Usingoje msimu uanze ndipo ukumbuke.

Siwezi kukuahidi kwamba mkubwa wako atabadilika. Wako wasiobadilika, na mtu akikaa chini ya mkubwa wa namna hiyo kwa miaka, ana haki ya kutafuta mahali pengine. Lakini wahudumu wa zamu yako watakuwa wameongozwa vizuri muda wote utakaokuwa nao, na hilo si jambo dogo kwao.

Bodi inataka takwimu

*Mshauri, mimi ni meneja mkuu wa kiwanda hapa Changamwe. Bodi yetu inanitaka nionyeshe kwa takwimu kwamba mafunzo ya wasimamizi yameongeza faida. Nifanyeje? – Meneja, Changamwe*

Bodi yako inauliza swali la haki, ila imeruka ngazi. Mwaka 1959 Donald Kirkpatrick wa Marekani alianza kuandika juu ya tathmini ya mafunzo katika ngazi nne, ambazo hadi leo hutumiwa: kwanza, wahudhuriaji waliyapokeaje; pili, walijifunza nini; tatu, mwenendo wao kazini umebadilika; nne, shirika limepata matokeo gani. Kwetu sisi tathmini huishia ngazi ya kwanza, kwa ile fomu inayojazwa saa ya mwisho wakati watu wanatazama basi la kuwarudisha. Bodi nayo inataka kuanzia ngazi ya nne. Faida ya kiwanda huathiriwa na bei ya umeme, thamani ya shilingi na ucheleweshaji wa malighafi bandarini, na hakuna hesabu ya kuaminika itakayokutolea humo mchango wa semina moja.

Pima ngazi ya tatu, tena uipime kabla na baada. Mwezi mmoja kabla ya mafunzo, waulize wafanyakazi wa kila msimamizi maswali matano au sita bila kuandika majina yao: Je, msimamizi wako hukueleza kazi inavyotakiwa kabla hujaianza? Ukikosea, hukuita kando? Wiki iliyopita alikuambia lolote kuhusu kazi yako ulilolifanya vizuri? Uliza maswali hayo hayo miezi mitatu baadaye, na tena miezi sita baadaye. Pamoja na hayo, hesabu vitu ambavyo tayari mnaviandika: wanaoacha kazi, bidhaa zinazorudiwa kutengenezwa, malalamiko yanayofika ofisini.

Nakutahadharisha kuhusu mambo mawili. Majibu hayo yasitumiwe kumnyima mtu marupurupu, la sivyo kufikia duru ya pili mtapata majibu ya kuwafurahisha wakubwa tu. Na msishtuke malalamiko yakipanda katika miezi ya mwanzo, kwa sababu watu wanapoanza kusikilizwa, husema yale waliyokuwa wakiyanyamazia. Mweleze mwenyekiti wa bodi hili mapema, kabla ya takwimu hazijafika mezani kwake.

Mwezeshaji anauliza

*Ndugu, mimi ni mwezeshaji wa mafunzo. Huitwa nifundishe watu 40 kwa siku mbili, kwa Kiingereza, mada kumi na zaidi, kisha siitwi tena. Najua hayatoshi, lakini nikikataa atachukuliwa mwingine. – Mwezeshaji, Tononoka*

Usikatae, badilisha sharti moja moja. Omba siku hizo mbili zitenganishwe, moja leo na nyingine baada ya wiki nne au tano, ili siku ya pili ianze kwa kila mtu kueleza alichokijaribu na kilichomkwamisha. Gharama yako haiongezeki sana, na wewe unakuwa umepata kile ambacho hukuwahi kukipata, yaani habari za baada ya mafunzo. Hoja ya kumpa mteja unayo. Mwaka 2017 Christina Lacerenza na wenzake walichapisha uchambuzi uliounganisha sampuli 335 za tafiti kuhusu mafunzo ya uongozi, na ushauri wao ulikuwa pamoja na kuchunguza mahitaji kabla ya kufundisha, kutoa nafasi ya mazoezi, kuwapa watu mrejesho juu ya wanayoyafanya, na kuvitawanya vipindi badala ya kuvirundika. Walipendekeza pia mafunzo yafanyiwe mahali pa kazi penyewe. Sina ugomvi na hoteli zetu, lakini mazoezi ya kuongoza kikao cha zamu yana maana zaidi yakifanyiwa pale kikao kinapofanyiwa.

Punguza mada ziwe nne. Muda utakaopatikana uutumie kwa mazoezi, na mazoezi hayo yafanywe kwa lugha ambayo msimamizi huitumia kazini. Nyapara wa Kilindini hatamrekebisha kuli wake kwa Kiingereza, basi kumzoeza kwa Kiingereza ni kumwachia nusu ya kazi aifanye peke yake. Maandishi yanaweza kubaki kwa Kiingereza mteja akitaka. Vinywa vifanye mazoezi kwa Kiswahili. Na saa ya mwisho, badala ya kuitoa yote kwa vyeti na picha ya pamoja, mwalike mkubwa wa kazi aje asikie kila mmoja akitaja jambo moja atakalolianza Jumatatu. Akishalisikia kwa masikio yake, itamwia vigumu kutouliza liliishia wapi.

Kwa ufupi

*Tumefungua kundi la WhatsApp la waliohudhuria mafunzo. Linatosha kuwa ufuatiliaji? – Msomaji, Nyali*

Halitoshi, ila linasaidia likiwa na kazi maalumu. Makundi mengi hugeuka mahali pa salamu za asubuhi na misemo ya uongozi iliyonakiliwa. Wekeni siku moja kwa wiki, kila mtu aandike sentensi mbili, alichokijaribu na kilichotokea, na meneja mmoja awemo ili ajibu. Bila meneja humo, mtakuwa mnaliwazana tu.

*Mimi ni mtumishi wa umma. Nilifundishwa uongozi, na mwezi uliofuata nikahamishiwa idara nyingine ambako hakuna anayejua nilifundishwa nini. – Msomaji, Mvita*

Uhamisho hukata uzi wa mafunzo kuliko watu wanavyofikiri, kwa kuwa aliyekubaliana nawe juu ya la kufanya amebaki nyuma. Usingoje mkubwa wako mpya aulize. Katika wiki zako mbili za kwanza omba kikao kifupi naye, umweleze ulichofundishwa kwa sentensi tatu, umuulize ni wapi katika idara hii anaona kinaweza kusaidia, na mkubaliane kiingizwe katika malengo yako ya mwaka. Likishaandikwa humo, litakumbukwa wakati wa tathmini hata kama naye atahamishwa.